Tanuri la Mkongani

Adnan alipomwona mama yake akitetemeka kwenye simu, aliamua kumtumia joto.

Alikuwa katika mwaka wa tisa sasa huko Canada, akifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe ambako theluji hukaa miezi mitano. Nyumba aliyoishi ilipashwa moto na tanuri la kuni lililo nje, uani. Kuni ziliungua ndani ya sanduku la chuma, maji yaliyolizunguka yakapata moto, na mabomba yaliyofukiwa ardhini yakayapeleka vyumbani.

"Mama hatasikia baridi tena," alimwambia dada yake Ikram. "Nitatuma michoro. Wewe tafuta fundi."

Ikram hakubisha. Bi Khamisa, mama yao, alikuwa amepata kiharusi mwezi wa Aprili na upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Alisema mkono wa upande ule unamuuma kwa baridi hata jua likiwaka. Na nyumba yao ilikuwa Mkongani, juu kwenye vilima vya Shimba, ambako mwezi wa Juni ukungu huweza kukaa mpaka saa nne asubuhi na nguo hazikauki. Ikram alikuwa karani wa wakala wa forodha mpakani Lunga Lunga, akijaza hati za malori yanayovuka kwenda Tanga. Aliomba ruhusa ya mwezi mmoja. Bosi wake, Bwana Abdulkadir, alimwongeza wa pili, kisha wa tatu.

Fundi aliyepatikana ni Chengo, mzee mkimya kutoka Kinango aliyekuwa zamani akihudumia boila za kiwanda cha sukari. Alichomelea mabamba ya chuma kwa wiki mbili, akalijengea tanuri kibanda cha matofali hatua ishirini kutoka mlangoni, akapitisha mabomba kwenye ukuta wa chumba cha Bi Khamisa. Juu ya paa akaweka pipa lililo wazi, limeungwa na mabomba, ili maji yakichemka mvuke upate pa kutokea.

"Hili si jiko la chai, mwanangu," alimwambia Ikram. "Usilijaze kupita nusu. Na ukiona limepandisha moto, usifungue mlango wa kuni. Funga kijilango cha hewa, ungoje."

Wiki ya kwanza Ikram alilia kwa moshi. Alitia magogo ya mwembe yaliyokatwa juzi, yakatoa povu na masizi mazito kama lami. Chengo akamfundisha kugonganisha vipande viwili: kuni mbichi hutoa sauti butu, kuni kavu hulia. Akamfundisha kuacha majivu kidogo chini ili makaa yasipoe, na kuufungua mlango kwa ufa kwanza kabla ya kuuachia wote. Somo hilo la mwisho Ikram alilielewa siku nyusi zake zilipoungua.

Mwishoni mwa Julai alikuwa amelijua tanuri lake. Kuni za mvinje zilidumu kuliko za mkorosho, na makumbi ya nazi yalifaa kuwashia tu. Ilibidi kulilisha kila baada ya saa nne, na saa nne hizo zikawa kamba iliyomfunga. Akienda sokoni Kwale, alikuwa akihesabu njiani: dakika arubaini kwenda, arubaini kurudi, nusu saa ya kununua. Harusi ya binamu yake Msambweni hakwenda. Hata swala ya Idi aliiswali nyumbani, kanga ikinuka moshi.

Kila jioni Adnan alipiga simu.

"Nionyeshe kipimajoto."

Ikram aligeuza simu ukutani. Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa nailoni, kama alivyoagiza Adnan, joto lisipotee.

"Thelathini," Adnan alisoma. "Safi sana. Mama, baridi vipi?"

"Alhamdulillahi," Bi Khamisa alijibu. Jasho lilimtiririka shingoni. Ikram alilifuta akidhani ni ugonjwa.

Katikati ya Septemba Bwana Abdulkadir alipiga simu. "Ikram, nimekungoja vya kutosha. Njoo Jumatatu tuzungumze. Usipokuja, nitamweka mtu mwingine."

Jumatatu alfajiri Ikram alimwogesha mama yake, akamlisha uji, akamwekea simu karibu na mkono mzima. Mercy, jirani yao, alikuwa ameahidi kuja adhuhuri akitoka shambani. Ili moto udumu mpaka jioni, Ikram alilijaza tanuri mvinje mkavu hadi juu. Akasukuma kijilango cha hewa, akasikia kimegonga, akapanda bodaboda. Hakuona kwamba kipande cha gogo kilikuwa kimekikwamisha kikabaki wazi.

Alikuwa amefika tu barabara ya lami Mercy alipopiga simu.

"Ikram, niko shambani huku ng'ambo. Naona mvuke juu ya paa lenu, mwingi. Umeacha nini?"

Ikram alikata simu. Alimwambia dereva ageuze.

Walipofika, mabomba yalikuwa yakigonga ukutani kama mtu aliyefungiwa ndani akipiga nyundo. Maji ya moto yalimwagika kutoka kwenye pipa la paani, yakapiga vumbi la uani. Ikram aliushika mpini wa jembe, akakitoa kile kipande, akakifunga kijilango cha hewa. Mkono wake ulikuwa unataka kuufungua mlango wa kuni auvute moto nje, akauzuia. Kisha akakimbilia chumbani.

Bi Khamisa alikuwa sakafuni chini ya dirisha. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani. Nailoni ilikuwa imechanwa upande mmoja, na kucha za mkono wake mzima zilikuwa na damu. Alikuwa anahema, uso umeelekea kwenye ule upenyo.

Ikram alimbeba mpaka barazani, akamnywesha maji. "Nisamehe, mama. Nusura nikuue."

"Nilikuwa nataka hewa," Bi Khamisa alisema polepole, maana ulimi ulikuwa bado mzito. "Si leo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilipokatika."

"Na mbona hukusema?"

"Ndugu yako ametuma kitu kutoka mbali. Nawe nakuona unapasua kuni, viganja vimechubuka. Ningeanzia wapi?"

Mercy alifika akihema, akawakuta wamekaa barazani. Ikram alitarajia kusikia nafuu moyoni. Alichosikia ni hasira, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Bwana Abdulkadir alipopigiwa simu alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya kweli. Lakini nafasi ilikwenda kwa mwingine wiki ile ile.

Jioni Adnan aliomba kipimajoto. Ikram alimgeuzia uso wa mama yake.

"Moto tumeuzima, mwanangu," Bi Khamisa alisema. "Umenipenda, najua. Lakini hukuja. Ulituma moto."

"Labda tuweke valvu ya kupunguza joto," Adnan alisema. "Naweza kumwelekeza Chengo."

"Adnan," Ikram alisema, "sikiliza anachokwambia."

Tangu siku ile tanuri liliwashwa asubuhi tu, kwa maji ya kuoga. Dirisha likafunguliwa. Ikram alingoja kuwa huru, na uhuru haukuja. Bi Khamisa hakuweza kwenda chooni peke yake, wala kujigeuza, wala kufungua chupa ya dawa. Zile saa nne zilikuwa angalau na mwanzo na mwisho. Sasa siku ilikuwa moja, ndefu, bila hata kuni za kupasua. Alivumilia mwezi mzima kabla ya kumwambia kaka yake kwamba hakuwahi kufungwa na moto.

"Nimefungwa kwa sababu niko peke yangu. Desemba uje wewe."

Alikuja. Siku ya tatu Ikram alimkuta nyuma ya nyumba akifua shuka za mama yao, macho mekundu. "Sikujua ni hivi," alisema. Ikram alimwambia sabuni ya kutosha iko ndani.

Adnan alirudi Canada Januari, lakini kabla ya kuondoka walikubaliana na Mercy awe anakaa na Bi Khamisa siku tatu kwa wiki. Kwa siku hizo tatu Bwana Abdulkadir alimpa Ikram meza pembeni, nyuma ya yule karani mpya. Alhamisi hadi Jumapili yuko Mkongani. Bado kuna asubuhi anaamka akijiona amefungwa, akisikiliza ukungu ukidondoka kwenye mabati.

"Ikram," mama yake huita kutoka barazani, "jua limehama."

Naye hutoka, akashika kiti, akamsogeza juani.