Sauti Nyuma ya Farasi

Kwa miaka kumi na tisa Arzella Mabry alikuwa akimwonea wivu mwimbaji mmoja, na mwimbaji huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka wa sitini na tisa, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita, kiuno chembamba na kiburi cha kutosha watu wawili, alirekodi santuri katika chumba nyuma ya duka la matairi, huko kaskazini mwa Alabama. Nyimbo zote kumi alizitunga mwenyewe. Zilikuwa nyimbo za mashambani, zile ambazo Wazungu walidhani ni zao peke yao, zenye gitaa la kulazwa mapajani linalolialia. Lakini koo lililoziimba lilikuwa limelelewa katika kanisa la Weusi. Hoyt Ledbetter, mwenye studio, alisikiliza akafuta machozi. Kisha akaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

“Zella,” akasema, “redio za Wazungu zikikusikia zitakupenda. Zikikuona, sijui. Sasa kwa nini tuzisumbue?”

Jina akalikata likawa Zella May, na jaladani akaweka picha ya farasi. Hata farasi mwenyewe alikuwa wa kuazima.

Redio zikaupiga wimbo wa “Sahani ya Pili” majuma matatu mfululizo, mpaka Zella May akaalikwa kuimba kwenye maonyesho ya kilimo. Mwenye shughuli alimpokea mlangoni, akampa mkono, akachungulia nyuma ya bega lake. “Na mwimbaji amekwama wapi?” akauliza. Arzella akarudi nyumbani na gauni lake jipya ndani ya mfuko. Akaipeleka santuri kwenye redio ya Weusi, na mtangazaji wa huko, aliposikia gitaa lile likilia mara moja tu, akainua sindano. “Dada yangu,” akamwambia, “mzigo huu umekosea mtaa.” Santuri ya pili Hoyt aliitoa na farasi yuleyule, safari hii akitazama upande wa pili. Baada ya hapo Arzella akaenda kupika katika shule ya msingi. Alipika miaka thelathini na moja, na mji mzima ukakua ukimjua kama mama wa makaroni.

Kuimba hakuacha. Kila Jumapili alisimama safu ya nyuma katika kwaya ya kanisa la Mlima Nebo, chini ya utawala wa Dada Theodosia Crume. Nasema utawala kwa sababu mchungaji alihubiri tu. Aliyetawala alikuwa Theodosia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mgongo umenyooka kama rula, na aliamini masikio yake alipewa na Mungu kwa mkono. Arzella akifungua kinywa kuimba peke yake, hafiki mwisho wa mstari.

“Inatosha, Arzella. Unaburuta sauti. Hapa ni kanisani, si zizini.”

Kisha Lucius, mume wa Theodosia, akafariki. Siku ya mazishi kwaya ikaambiwa ikae chini, na mbele ya jeneza ikawekwa mashine ya santuri. Marehemu alikuwa ameokota santuri moja katika vitu vikuukuu vilivyouzwa uani kwa mtu, akawa anaipiga kila Jumamosi akipiga viatu rangi. Sindano ikashuka, na Arzella, akiwa safu ya nne, akajisikia mwenyewe.

*Bado naweka sahani ya pili,
nani ataiambia meza kwamba umeondoka?*

Pipi aliyokuwa akiimung’unya akaimeza nzima. Kisha akalia kumshinda mjane, kwa kwikwi na kamasi, mpaka watu wakaanza kumtazama yeye, halafu wakamtazama marehemu.

Alipanga kusema ukweli mazoezi yaliyofuata. Kabla hajafungua kinywa, Theodosia akaiambia kwaya: “Yule mama Mzungu wa jalada la farasi, Mungu amrehemu popote alipo, huyo ndiye mwimbaji. Laiti mngemfikia hata robo! Wewe hasa, Arzella.”

Arzella akafunga kinywa. Jioni akamsimulia mumewe, Cleophus.

“Si umwambie tu?” akasema Cleophus.

“Nikimwambia ataniacha niimbe peke yangu kwa ajili ya ile santuri tu. Sitaki. Nataka masikio yake yanitambue yenyewe.”

“Masikio ya Theodosia?” Cleophus akacheka akashika mbavu. “Basi, mke wangu, tafuta kiti kizuri cha kungojea.”

Akangoja miaka kumi na tisa, mwanamke mkaidi namna hii. Tumbo la chakula lilishiba. Njaa yake ilikuwa hiyo moja tu, na nyumba nzima iliijua.

Agosti moja kanisa likatimiza miaka mia. Watoto wa kanisa walikuwa wanarudi kutoka Detroiti na Chikago kwa sherehe hiyo, kuku wa kukaanga wakiwa wamekwisha ahidiwa kwa mamia. Jumatano Jacquetta, mpwa wa Theodosia na mwimbaji wake wa siku zote, aling’olewa magego manne, uso ukamuumuka. Theodosia akapitia majina ya kwaya yake mara tatu, akitumaini litaongezeka jingine. Alhamisi mchana akampigia Arzella simu.

Sebuleni kwa Theodosia makochi yalikuwa bado na nailoni yake. Arzella aliketi, nailoni ikamshika mapaja, akapewa chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mezani, mashine ya santuri. Ukutani, farasi.

“Jumapili utaimba peke yako,” Theodosia akasema, kama anayetoa figo. “Lakini si kwa ile namna yako. Leo nitakufundisha kuimba kama huyu.”

“Kama nani?”

“Kama mama wa farasi. Sikiliza, halafu ufuate.”

Arzella akasikiliza, akafuata. Aliimba maneno mawili.

“Inatosha. Wewe unalia mno. Huyu halii, anazuia. Tena.”

Akaimba mengine matatu.

“Inatosha. Huna pumzi yake. Samahani, dada, lakini mtu ama anazaliwa nayo ama hazaliwi nayo.”

“Nadhani nilizaliwa nayo,” Arzella akasema polepole, “ila imezeeka.”

“Usijitetee. Sasa sikia hapa, ubeti wa pili.” Theodosia akainua kidole na kufumba macho. Katika santuri sauti ilipanda, ikakatika ghafla katikati ya neno, ikaendelea. Machozi yakamtoka. “Umesikia? Hapo ndipo moyo ulipovunjika. Huyu mama alikuwa amefiwa, Arzella. Kitu hicho hakifundishiki.”

“Hakuna aliyefiwa,” akasema Arzella. “Nilikuwa na kwikwi. Hoyt alituletea kuku wa pilipili, na hakukuwa na utepe wa kurekodi upya.”

Santuri ikaendelea kuzunguka. Theodosia akafumbua macho.

“Nani alikuwa na kwikwi?”

Arzella akaitazama chai yake. Neno lilikuwa limekwisha toka.

Theodosia akavaa miwani, akaliteremsha jalada ukutani, akaligeuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, ilikuwa imeandikwa: maneno na muziki, A. Mabry. Akasoma mara mbili. Akaketi, na nailoni ikapiga kelele.

“Miaka kumi na tisa,” akasema, “nimekuwa nikililia kwikwi?”

“Ilikuwa kwikwi nzuri, Dada Theodosia.”

“Usinichekeshe, nimekasirika! Nimemzika mume wangu kwa sauti yako. Na wewe ulikuwa pale, umekaa, ukaiacha mashine ikamwimbia! Lucius aliupenda wimbo huu kuliko alivyonipenda mimi, na mwenye wimbo yuko safu ya tatu!”

“Ya nne.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilitaka unitambue.”

“Mimi?” Theodosia akaivua miwani. Ukali wote ulikuwa umemtoka, akabaki mama mzee sebuleni mwake. “Mimi nina masikio mazuri, Arzella. Kila mtu anajua. Mbona sikukutambua?”

Jibu hilo Arzella alikuwa amelitayarisha kwa miaka mingi, likiwa na matusi mazuri ndani yake. Lilipofika wakati wake, matusi yakamponyoka.

“Hujawahi kuniacha nifike mwisho wa mstari,” akasema.

 Theodosia akanyoosha mkono akaizima mashine.

“Haya, imba,” akasema.

Arzella akabandua mapaja kwenye nailoni, akasimama. Akaanza “Sahani ya Pili” bila gitaa na bila kinanda, kwa sauti ya miaka sabini na moja, akiiburuta kila mahali alipotaka kuiburuta. Katikati ya ubeti wa kwanza mkono wa Theodosia ukainuka wenyewe kumkatiza. Theodosia akauona, akaushika kwa ule mwingine, akauweka chini ya paja lake, akaukalia mpaka wimbo ukaisha.