Kona ya Tatu

Mlima ule, mwenye tela lililojaa saruji hasimami. Akisimama, ndiyo basi: magurudumu yanazunguka palepale, tela linaanza kurudi kinyumenyume, na walio nyuma yake wanakumbuka sala walizosahau. Ndiyo maana Kobe, kama madereva wenzake walivyomwita, aliingiza gia ya kwanza chini ya mlima na hakuigusa tena mpaka kileleni.

Nyumba ya mama yake ilikuwa kando ya barabara, kona ya pili. Kwa miaka tisa mama alilisikia lori likiguna kwa mbali, akatoka, akatembea sambamba na mlango wa dereva. Lilikwenda mwendo wa mtu mwenye ndoo kichwani, basi waliongea: nani kaoa, paa linavuja wapi, mbona umekonda. Kona ya tatu mama alisimama, akapunga mkono. Kobe aliita huko kumtembelea mama. Tusimcheke, wangapi hatufiki hata hapo?

Siku moja mama alichelewa kutoka, akashika kishikio cha mlango huku akihema.

"Leo simama, mwanangu."

"Mama, nina tani thelathini mgongoni! Nikisimama hapa sing'oki."

"Dakika moja tu. Nina neno."

"Keshokutwa narudi bila mzigo. Nitasimama, nitalala kabisa. Niambie basi tukienda."

Mama akacheka, pumzi ikamkatikia. "Hilo haliambiwi mtu akitembea."

Akaachia kishikio kabla ya kona ya tatu. Kwenye kioo Kobe alimwona ameketi juu ya jiwe. Alipiga honi mara mbili. Mama hakupunga.

Keshokutwa asubuhi alishuka na tela tupu, akasimama mlangoni kama alivyoahidi, akakinga magurudumu kwa mawe. Viatu vilikuwa vimejaa kizingitini. Akaelewa kabla hajaambiwa.

"Ametutoka alfajiri," alisema dada yake, aliyekuwa akiishi na mama. "Nimekupigia mpaka basi, hupatikani."

"Alikuwa na neno gani?"

Dada alifuta macho. "Neno lenyewe dogo. Alitaka kupanda. Alisema miaka tisa anatembea pembeni ya lori la mwanawe, hajui humo ndani kukoje."

Kobe akaketi chini. Kila safari alisimama chini ya mlima nusu saa nzima, kupoza injini na kukagua breki. Kutoka hapo hadi kwa mama ni hatua mia tatu. Haikumjia akilini hata siku moja kwenda kumchukua.

Wiki iliyofuata alipakia tena saruji. Chini ya mlima, alipomaliza kukagua breki, alizunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akakipangusa kiti kwa mkono, akaufunga taratibu. Kisha akaingiza gia ya kwanza.

Alipita nyumbani machozi yakimtiririka.

"Hii ndiyo kona ya tatu, mama," alisema. "Mbele ya hapa hatujawahi kwenda pamoja."