Kasoro Ambayo Haikuwepo

Liévin Kabwe aliongoza korali ya parokia yao, katika komini iitwayo Kenya, wilaya ya mji wa Lubumbashi, kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, kama baba yake kabla yake. Watu walimwita Papa Liévin, hata wale waliomzidi umri, na walimwamini kwa mambo mawili: masikio yake na neno lake. Akisema waimbaji wa alto wameshuka nusu sauti, basi wameshuka. Akisema atafika saa tisa, saa tisa yuko mlangoni.

Mwezi wa tisa korali ilitimiza miaka ishirini na tano. Misa ya shukrani ikapangwa uwanjani, kwa kuwa kanisa lisingewatosha watu wote. Siku kumi kabla ya misa, zile bafle kubwa za parokia, zinazotoa sauti kwa umati, zikafa zote mbili. Kwenye mkutano wa korali watu walianza kulaumiana, hadi Liévin akainuka na kuwaambia watulie, yeye atashughulika. Alisema hivyo kabla ya kujua atashughulika vipi. Wakodishaji aliowaendea walikuwa wameshachukuliwa kwa arusi za siku hiyo, na mmoja aliyebaki alitaka bei ya kumfukuza mtu.

Nyumbani kulikuwa na pesa za mabati. Yeye na mke wake Lydie walizikusanya mwaka mzima ili waezeke upya chumba cha nyuma kabla ya mvua kuanza. Liévin alizichukua bila kumwambia Lydie neno, akaenda dukani kwa Symphorien.

Symphorien aliuza vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika, na duka lake lilikuwa na sifa nzuri. Ukutani palikuwa na karatasi yenye masharti. Mnunuzi angeweza kurudisha chombo ndani ya siku saba. Akikirudisha kwa sababu tu amebadili mawazo, duka lilimkata sehemu moja ya kumi ya bei, iliyoitwa frais, malipo ya kazi ya kukipima upya na kukiweka tena rafuni. Lakini chombo kikionekana na kasoro ambayo duka halikumwambia, alirudishiwa pesa zake zote. Liévin aliisoma karatasi ile mara mbili. Alipomaliza mara ya pili alikuwa ameshajua atafanya nini, na baadaye, alipotafuta namna ya kujitetea moyoni, dakika ile mbele ya karatasi ndiyo iliyomnyima kisingizio.

Aliyempa bafle mbili alizonunua alikuwa fundi wa duka, Ngalula, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Kila chombo kilichotoka mle kilipita mikononi mwake kwanza, kisha alikibandikia kipande cha karatasi chenye tarehe, vitu alivyopima na sahihi yake. Alimwonyesha Liévin mchubuko kwenye kona ya bafle moja na mshikio uliolegea kwenye ya pili.

“Ile ingine yote iko muzuri, Papa,” alimwambia. “Mi mwenyewe nilipima.”

Na kweli zilikuwa nzuri. Siku ya misa sauti ilifika hadi kwa wanawake waliosimama nje ya ukuta, na baada ya baraka watu walikuja kumshika mkono Liévin mmoja mmoja. Walipomuuliza amezipata wapi, alijibu kwamba rafiki yake wa Likasi amemwazima.

Jumanne alizipakia kwenye mkokoteni akazirudisha. Alimwambia Symphorien kwamba moja inavuma kwenye sauti za chini. Symphorien akaiwasha palepale, wateja watatu wakiwa wamesimama kando, na hakuna aliyesikia kitu. Ngalula akasema hasikii mvumo wowote. Liévin akasema unakuja baadaye, bafle ikishapata moto, na ni mwembamba sana.

Symphorien hakumjua Liévin kwa karibu, lakini alijua korali yake. Akamgeukia fundi wake.

“Huyu Papa anaongoza korali tangu weye uko mutoto,” alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. “Yeye anasikia, weye husikie. Mara ngapi nilikuambia usitie sahihi mbio-mbio?”

Ngalula alikitazama kile kipande cha karatasi mgongoni mwa bafle, kisha sakafu. Symphorien akaongeza kwamba tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayetia sahihi, mpaka atakapoona fundi amejifunza kusikiliza. Halafu akamrudishia Liévin pesa zote na kumwomba radhi kwa usumbufu.

Liévin alizipokea. Kati ya meza ile na mlango zilikuwa hatua saba au nane, na angeweza kugeuka kwenye yoyote kati ya hizo. Hakugeuka.

Kesho yake alinunua mabati, na siku iliyofuata yalikuwa yameshapigiliwa juu ya chumba cha nyuma. Lydie alimsifu kwa haraka yake. Yeye alikula kidogo, akasema joto limezidi.

Jumamosi mchana alikuwa peke yake kwenye ukumbi wa parokia, akipanga karatasi za nyimbo, muda wa saa moja na nusu kabla ya mazoezi. Teksi ikasimama nje. Ngalula akashuka, na yeye na dereva wakaiingiza ile bafle ndani wakiwa wameishika huku na huku. Dereva akaenda kukaa garini kumngoja.

Ngalula alisalimia kwa heshima, akaomba radhi kwa kuja bila kuitwa. Alieleza kwamba ameifungua bafle mara tatu. Amebadilisha vipande viwili kwa pesa yake. Ameiacha ilie tangu asubuhi hadi mchana, siku mbili mfululizo, na bado hasikii kitu. Alikuwa na ombi moja tu.

“Mukae hapa, Papa, musikilize. Kama inavuma, munyanyue mukono. Mi nitaandika ni mahali gani. Nikijua ni wapi, nitaitengeneza.”

Alitoa daftari na kalamu. Liévin alikaa kwenye benchi. Ngalula akachomeka waya, akaweka wimbo wa gitaa la besi pekee, sauti nzito zilizoshuka taratibu hadi chini kabisa, na akasimama akiutazama mkono wa Liévin.

Bafle ililia safi. Liévin aliangalia mbele kama mtu anayesikiliza, jasho likimtoka chini ya kola. Wimbo uliisha, ukaanza upya, ukaisha tena. Alifikiri kwamba akinyanyua mkono mara moja tu, mahali popote, mwanamke huyu ataandika, atashukuru na kuondoka. Katikati ya mara ya tatu akaunyanyua.

Ngalula akaandika harakaharaka. Akaurudisha wimbo nyuma, akapiga magoti kwenye saruji na kulibandika sikio lake kwenye mbao za bafle, macho ameyafumba, uso umekunjamana kwa bidii. Alisikiliza pale pale, mara moja, mara mbili. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

“Sisikie,” alisema. “Hata pale, sisikie kitu.”

“Mama Ngalula, zima,” Liévin alisema.

Akazima.

“Haivume. Haikuvuma hata siku moja. Nilidanganya.”

Ngalula alibaki amepiga magoti. Baadaye aliinuka, akapangusa vumbi kwenye sketi yake, akauchomoa waya na kuanza kuukunja polepole.

“Juu ya nini?” aliuliza, akitaka sababu.

Liévin alimwambia yote: misa, ahadi aliyoitoa mbele ya korali, mabati, na ile sehemu ya kumi ambayo hakutaka ikatwe. Akijisikia anavyolieleza jambo lile kwa mpango, moja baada ya lingine, alitamani sakafu immeze.

“Juu ya ile frais tu,” Ngalula alisema. Hakupaza sauti. “Papa, baba yangu alikufa masikio, akakuwa kiziwi, na miaka makumi ine. Ilianza vilevile, bantu banasikia, yeye hasikie. Jana nilienda ku hospitali kupimisha masikio yangu. Nilibaacha batoto kwa jirani, sikumuambia bwana yangu, niliogopa.”

Liévin aliuliza matokeo yalikuwa nini. Alimjibu kwamba daktari amesema masikio ni mazima, na kwamba hakumwamini daktari. Alimwamini yeye, kiongozi wa korali.

Hapo Liévin hakuweza tena kumtazama. Alisema ataenda kwa Symphorien Jumatatu asubuhi, atamweleza.

“Leo,” Ngalula alisema. “Duka inafungwa saa kumi na moja. Leo kuko ba-client mingi. Patron alinisemesha mbele ya bantu, na mwiye mutasema mbele ya bantu.”

Walipotoka na bafle, waimbaji wa kwanza walikuwa wanaingia uani. Liévin alimwomba msaidizi wake, Hénoc, aanze mazoezi bila yeye, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kwenye teksi alikaa nyuma na Ngalula, bafle ikiwa kati yao, mpaka dukani.

Ndani walikuwepo watu sita au saba. Mmoja wao, Mama Estelle, alikuwa muumini wa parokia, na alimsalimia Liévin kwa furaha akimpongeza tena kwa ile misa. Liévin alisema mbele yake huyo. Alisema kwamba bafle haikuwa na kasoro, kwamba alikuwa amepanga kuirudisha tangu siku aliyoinunua, na kwamba fundi alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Sauti yake, iliyozoea kutoa amri kwa watu arobaini, ilikatika mara mbili. Mama Estelle aligeukia rafu na kuanza kutazama maikrofoni ambazo hakuzihitaji.

Symphorien alimsogelea Ngalula na kumwambia kitu kwa sauti ya chini, mkono ameuweka kifuani mwake mwenyewe.

“Patron,” Ngalula alisema, “ile siku ulisema kwa nguvu.”

Symphorien akashusha pumzi. Akarudia kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba alimkosea, na kwamba sahihi ya duka ni ya Ngalula tena tangu sasa. Kwa Liévin alisema maneno machache tu: kwamba zile frais ni malipo ya kupima, aliyepima ni Ngalula, basi azilete mwisho wa mwezi pamoja na bei ya vile vipande viwili, na amkabidhi fundi mwenyewe.

Jioni hiyo Liévin alimweleza Lydie. Lydie alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule mwanamke ana watoto wangapi. Liévin hakujua. Lydie akaingia ndani, na kwa siku tatu alizungumza naye mambo ya nyumba peke yake.

Alhamisi aliwaambia korali. Alitaraji watamlaumu, akajiandaa kwa hilo. Hawakumlaumu. Waliangalia viatu vyao, na mzee mmoja wa sauti ya besi akakohoa, akapendekeza waanze kwa sala. Liévin alimkabidhi Hénoc uongozi hadi Krismasi na kwenda kukaa kwenye benchi la nyuma. Jumapili alipoimba aliimba kwa sauti ndogo, kwa sababu kila alipopandisha sauti, mtu wa mbele yake alitikisa bega kana kwamba ameguswa.

Mwisho wa mwezi alipeleka pesa. Ngalula alikuwa na mteja. Alizipokea, akaandika risiti, akampa. Liévin alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, na alipoanza kuyasema Ngalula alimwitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni yeyote, kisha akamrudia mteja wake. Liévin alibaki amesimama karibu na meza kwa muda kidogo. Mtu aliyebeba amplifaya alitaka kupita, akamwomba nafasi, naye akasogea pembeni, na kutoka pale akatafuta mlango.