Chiriku Aliyefungwa Lebo

Walimwita Sikio kwa sababu aliwatofautisha chiriku wa aina mbili ambao wenye macho yao walishindwa kuwatenganisha. Chiriku wa bustani na chiriku wa msitu wamefanana kama pacha: kifua cha njano, kichwa cha kijivu, mdomo mfupi. Wa bustani amejaa kila uzio, hata paka wamemchoka. Wa msitu walibaki wawili tu, dume na jike, kwenye kijisitu nyuma ya kitalu cha miche alikofanya kazi Sikio. Kinachowatenga ni wimbo. Wa bustani humalizia juu, kama anayeuliza swali. Wa msitu huimeza sauti ya mwisho.

Kijisitu kilikuwa kikatwe Jumamosi, isipokuwa ofisi ya wanyamapori ithibitishe kuwa mna ndege aliye hatarini kutoweka. Sikio alimpelekea afisa wimbo aliourekodi kwenye simu.

"Dada yangu, hata mimi nikipiga mluzi utasema ni ndege," afisa alicheka. "Fomu inataka sampuli. Niletee ndege mwenyewe."

Basi akamnasa dume kwa wavu, akamtia kwenye boksi la viatu alilolitoboa matundu, akampeleka mbio mbio, akiamini ataimba.

Hakuimba. Alijikunyata pembeni, moyo ukimdunda hadi manyoya yanatikisika.

"Mpe muda kidogo, kaka. Ameogopa tu."

"Nina kikao saa nne." Afisa alimtoa, akambana kifua kwa vidole viwili, taratibu, huku akiuliza, "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," Sikio alijibu, kabla hajaelewa kwa nini kichwa cha ndege kimelala.

Afisa alimlaza kwenye droo ya ndege waliokaushwa, ubavuni mwa chiriku wa bustani. Akapima bawa kwa rula. Mkia. Mdomo.

"Unajionea. Baba mmoja, mama mmoja."

"Lakini huyu akiimba..."

"Haya, aimbe tumsikie!"

Karani wa meza ya pili aliangua kicheko.

Afisa akaandika lebo: *Chiriku wa bustani. Hayumo hatarini.* Akaifunga mguuni kwa uzi, akamsogezea Sikio fomu, penye mstari wa jina la aliyeleta. Sikio aliandika jina lake.

"Mwandiko mzuri huo, dada," afisa alisema, akinyanyua simu. "Haloo, wakata miti? Ya nini kungoja Jumamosi? Anzeni leo."