Zamu Yangu ya Jumatano

Jumatano ile nilisimika jembe langu kwenye lango la mfereji mara baada ya swala ya alfajiri, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Hapa Kerenge jembe likisimama langoni, kila mtu anajua zamu ni ya nani, na hakuna mkono mwingine unaogusa maji yale mpaka adhuhuri. Hahitajiki mlinzi.

Lakini siku hiyo maji hayakuteremka shambani kwangu. Yaliingia kwenye bomba la mpira, yakaenda kujaza bwawa la kuogelea la kambi ya wageni, ninakofua mashuka.

Isihaka, meneja wa kambi, alikuwa ameniomba siku moja kabla. Yeye ni mtoto wa hapa hapa, ameoga kwenye mfereji huu akiwa mdogo, kwa hiyo alijua pa kunishika.

"Dada Husna, mpunga wako si umeshaanza kugeuka njano? Maji ya nini tena?"

"Zamu ni zamu," nilimjibu.

"Basi nipe mimi, mara moja tu. Wageni kumi na wawili wanatoka Arusha kesho, wanalala hapa kabla ya kwenda baharini. Wakikuta bwawa limebaki tope na vyura, wataandika kwenye simu zao dunia nzima isome. Mwezi ujao utafua mashuka ya nani?"

"Ya vyura," alisema Yuditha, mpishi, kutoka jikoni.

Tulicheka wote. Mimi nilikuwa namfikiria binti yangu Munira, anayesoma bweni Korogwe mjini kwa sababu ya mashuka hayo. Nikakubali.

Jambo ambalo Isihaka hakulitaja, nami sikulitaja, ni Bi Chausiku. Shamba lake liko chini ya langu. Tangu mumewe afariki hana zamu yake. Husubiri maji yanayomwagika kutoka kwangu nikishatosheka. Mwaka huu alichelewa kupanda, na wiki ile mpunga wake ndio ulikuwa unatoa maua. Mpunga ukikosa maji wakati wa maua, unavuna makapi. Nililijua hilo. Nilijifanya nimelisahau.

Asubuhi nzima sikutulia. Nilisikia maji yakianguka bwawani, na kila nilipoinamia beseni niliyasikia zaidi. Shuka moja nililifua mara mbili, jingine nikalianika likiwa bado na doa la chai. Mara tatu nilikwenda kwenye uzio kutazama bondeni. Mara ya tatu nikamwona. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba lake, kanga kichwani, jembe magotini, akitazama juu. Hakuja kuuliza. Alisubiri tu, kwa sababu aliliona jembe langu.

"Una nini leo?" Yuditha aliniuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu."

Adhana ya adhuhuri ilipotoka msikitini, nilikwenda bombani kutia udhu. Nilisema bismillahi, nikakinga viganja, vikajaa. Tangi la kambi lilikuwa limejazwa asubuhi ile ile, kwa maji yale yale. Nikayatazama. Nilikuwa naenda kusimama mbele ya Mola wangu nikiwa nimejitwaharisha kwa haki ya mjane. Viganja vikafunguka vyenyewe. Nilifunga bomba, nikaacha mashuka saba ndani ya povu, nikatoka getini.

Langoni nilimkuta mzee Mhina. Zamu ya kuanzia adhuhuri ni yake, na jembe lake lilikuwa begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'oa jembe lako, mwanangu. Limesimama tangu alfajiri na shamba lako lina vumbi. Mpunga wako siku hizi unakunywa soda?"

"Maji niliwapa kambi," nilisema. "Bi Chausiku hajapata hata tone. Naomba unipe zamu yako mpaka alasiri. Jumatano ijayo uchukue yangu yote."

Aliangalia bomba la mpira lililofichwa majanini.

"Kwa hiyo jembe limesema uongo."

"Mimi ndiye niliyesema uongo, mzee."

Akaliteremsha jembe lake begani. "Mpaka alasiri. Dakika ikizidi nafunga. Na hayo uliyoniambia, kamwambie mwenyewe."

Nililing'oa bomba la mpira, nikakivunja kwa mikono kizibo cha mgomba na tope kilichozuia maji yasiteremke. Maji yakashika njia ya bondeni. Kule kambini Isihaka alikuwa amefika kwenye uzio.

"Dada Husna! Bwawa limefika nusu! Wageni wameshapita Mombo!"

"Zamu yangu imekwisha!"

"Na kazi yako je?"

Nilimpa mgongo, nikayafuata maji.

Mfereji ulikuwa mkavu, maji yalikwenda polepole. Niliyatangulia, nikarudi, nikaondoa majani kwa miguu, nikayatangulia tena, mpaka nikafika kwa Bi Chausiku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mpunga wako ulikuwa na kiu kweli."

"Haukunywa, bibi. Maji niliwapa wageni. Nilijua kuwa unasubiri."

Kisha maji yakafika ukingoni, naye akanisukumia jembe lake.

"Fungua huko kwanza. Hasira yangu itasubiri, mpunga hauwezi."

Tulifanya kazi kila mtu upande wake. Kivuli changu kilikuwa kinarefuka.

"Bibi, naomba maji kidogo nitie udhu. Adhuhuri inanipita."

Aligeuka. "Unaniomba mimi?"

"Ni yako."

Aliutazama mfereji, akaninyooshea kidole mahali pasipo na tope. "Pale. Fanya haraka, Mhina hana utani."

Simu yangu ilikuwa inaita ndani ya pindo la kanga. Niliona jina la Isihaka. Nikaizima, nikachuchumaa, nikasema bismillahi upya.