Mwaridi Uliovuka Ziwa

Mwaridi wa Germaine ulikuwa unakufa, na kila aliyepita mbele ya uzio wake alikuwa na neno la kusema.

Kijiti chake alikikata kwenye kaburi la mama yake, kule Pweto, Kongo, asubuhi ya kukimbia vita mwaka 2017. Alikivusha ziwa kimefungwa kitambaa kibichi, akakitunza kambini Kenani, upande wa Zambia, akakileta mjini Nchelenge alipopata chumba na cherehani. Kaburi lenyewe hajaliona tena. Ukifa mwaridi, hana kingine cha mama yake.

Sasa ilikuwa Oktoba, jua kali, vumbi la barabara limetanda kila mahali. Majani yalikuwa yamejaa vitone vya njano, vidogo kama matundu ya sindano. Mengine yamegeuka rangi ya shaba na kudondoka.

"Ung'oe, uchome moto," alisema Débora, mwenzake wa kwaya. "Hiyo ni kutu ya majani. Itaua na maua yangu."

"Anza kung'oa meno yako," Germaine alimjibu, akaendelea kushona.

Lakini moyoni aliogopa. Alikuwa amefanya yote anayoyajua. Alimwagilia shina asubuhi na jioni. Aliufunika mwaridi kwa neti ya mbu ya zamani, kuku wasiufikie. Kila Jumamosi aliupulizia dawa ya mende. Kila Jumamosi ulikuwa mbaya zaidi.

Alhamisi moja Febby, jirani yake anayeuza chisense, wale samaki wadogo wakavu, alikuja kuchukua sketi yake. Hakufika mlangoni. Alisimama kwenye mwaridi, akainua neti bila kuomba ruhusa.

"Ba Germaine," aliita kwa heshima ya Kibemba, "sahani nyeupe iko?"

"Unataka kula?"

"Nataka kuona."

Soko zima liliijua sahani ya Febby. Akienda kununua magunia kisiwani Chisenga, huchota konzi ya samaki, huigongagonga juu ya sahani nyeupe, kisha huchuchumaa akitazama kama kuna funza. Wauzaji humcheka, humharakisha, humwambia boti inaondoka. Yeye hutazama tu. Hajawahi kurudi na gunia bovu.

Germaine alileta sahani. Febby alikigonga kitawi mara tatu juu yake.

"Vumbi," Germaine alisema.

"Ngoja, mama."

Wakachuchumaa, vichwa vikigusana. Kisha vumbi likaanza kutembea. Chembe moja, mbili, halafu nyingi, kila moja ndogo kuliko punje ya chumvi. Febby alizipitishia kidole. Zikaacha mstari mwekundu. Akageuza jani. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba ambao Germaine, mtu wa nyuzi maisha yake yote, hakuwahi kuuona.

"Si kutu hii. Ni utitiri, tududu tudogo tudogo. Tunakaa chini ya jani, tunafyonza. Kila kitone cha njano ni mdomo wa kadudu kamoja."

"Na dawa yangu?"

"Dawa gani?"

"Ya mende."

Febby alicheka mpaka akashika uzio. "Weye! Unaua polisi, unaacha wezi! Tuko na wadudu wenye kukula utitiri. Dawa ya mende inabamaliza, na ile ya ndani ya neti pia. Utitiri wenyewe hautetemeki."

"Nani alikufundisha?"

"Nyanya zangu za bustani. Mwaka jana zote zilikufa chini ya neti kama hii. Bwana wa kilimo alikuja nimeshazika."

Germaine alipenda jibu lile. Watu wengi huficha hasara zao.

Febby alitoa kisu chake cha samaki, akashika matawi matatu kati ya matano.

"Ukikata hapo nitabaki na nini?" Germaine aliuliza.

"Na kilicho hai."

Germaine alifumba macho. "Kata."

Neti iliondolewa, matawi yakaingia guniani moja kwa moja, yakachomwa. Kisha maji, jagi kwa jagi, yakapigwa kwa nguvu chini ya majani, si kwenye shina. Jua lilipozama, wakakwangua sabuni ya kipande kwenye maji, wakainyunyiza pale pale chini.

"Mayai hayasikii sabuni," Febby alisema. "Siku ya nne tunarudia. Ya nane. Ya kumi na mbili."

Siku ya nane mwaridi ulionekana safi, na Germaine alikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

"Imetosha, Febby. Umepona."

Febby alichukua sahani. Aligonga kitawi. Chembe nne zilitembea. Germaine akaenda kuchota maji.

Siku ya kumi na mbili hakikutembea kitu. Mwezi uliofuata mvua za kwanza ziliosha vumbi, na kwenye tawi moja likafunguka ua, jekundu, dogo kuliko yale ya Pweto. Germaine alimwita Febby kwa kelele hadi barabarani. Febby alikuja mbio kutoka sokoni, magamba ya samaki mikononi.

Hakulitazama ua. Aliinama kwanza, akageuza jani lililo chini yake, akalikagua taratibu, kisha la pili, la tatu. Ndipo akanyanyua uso na kutabasamu.

Huyu, Germaine aliwaza, ningemkabidhi hata mtoto mchanga.