Mawe ya Kifuani

Asubuhi ya Jumatatu MaKhoza aliponda kipande cha tangawizi-mwitu, akampa mumewe atafune. Zwelibanzi alikuwa amerudi nyumbani Nongoma baada ya miaka ishirini na sita kwenye mgodi wa dhahabu, kifua kikimlia kama bawaba iliyokosa mafuta.

Alitafuna, akakohoa, akatema jiwe ndani ya beseni. Lilikuwa la kijivu, lenye uzi mwembamba wa dhahabu.

"La tatu leo," alisema MaKhoza. "Tema, Baba, usimeze."

Zwelibanzi aliligeuza kiganjani. "Hili ni la kule chini kabisa. Alikofia mwenzangu Mfanafuthi."

Kila jiwe lilipotoka alipata pumzi kidogo. Kufikia Alhamisi alitembea hadi zizini akawatukana ng'ombe wake kwa majina, na usiku akalala chali. MaKhoza alifurahi, ila mizizi ilikuwa ikiisha. Mlima wote ulikuwa umekwisha kuchimbuliwa na wauzaji wa dawa wa mjini. Alitembea siku mbili, akarudi na vipande vitatu, kila kimoja kama kidole gumba.

Alimkuta mtu wa mgodi amekaa kwenye mkeka, tai shingoni, akinywa amahewu, uji mchachu wa mahindi. Jina lake Nkwanyana. Beseni lilikuwa tupu, mfuko wake umejaa.

"Mawe ni mali ya mgodi, mama," alisema kwa adabu.

"Na kifua?"

"Kifua ni chenu." Akaitazama mizizi mkononi mwa MaKhoza. "Hicho nacho ni chombo cha kuchimbia. Mna leseni?"

"Ni dawa hiyo, mwanangu. Hata bibi yako aliitafuna."

"Bibi yangu hakutema dhahabu."

Akaichukua mizizi, akamwandikia stakabadhi.

Kifua kilijaa tena. Zwelibanzi akawa mzito, kitanda kikazama kwenye sakafu ya udongo. Jumapili ya pili alisema, "Wamenirudisha chini, mama," akakata roho. Wanaume kumi na wawili walilibeba jeneza, wakipokezana.

Nkwanyana alisubiri sala ziishe. Alivua kofia, akampa pole mjane, kisha akaeleza kwamba kuna mawe yaliyobaki kifuani, kwa hiyo mgodi utamchukua marehemu. Watamrudisha Ijumaa.

Walimrudisha Ijumaa kweli, kama walivyoahidi. Mara hii watu wawili walitosha kumbeba. MaKhoza aliwaandalia chai, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali.